Mwaka Dada Raya Aliporudi Chuoni

Hitima ya mama mkubwa wetu, Bi Kazija, ilisomwa nyumbani kwake Chake Chake, na wanawake walipokwisha kula na kuondoka mmoja mmoja na mabuibui yao, nyumba ilinyamaza namna ambayo sikuwahi kuisikia ikinyamaza. Mimi na dada yangu Raya tukaingia chumba cha nyuma tujinyooshe mgongo mpaka alasiri. Raya sasa ni mwanamke mnene, wa miwani, mfamasia ambaye mji mzima unamjua kwa jina, na amekwishakuwa bibi. Mimi nafundisha Unguja, na Pemba naijia kwa harusi na maziko. Hatukuwa na la kuzungumza. Yeye akageukia ukutani, mimi nikabaki naangalia dari, na kwa kuwa mwanga wa dirishani ulikuwa ule ule wa zamani, wa kijani, uliochujwa na majani mapana ya mshelisheli wa uani, nikahisi kama mtu aliyelala kwenye maji ya kina kifupi, yanamchukua taratibu kumrudisha nyuma. Nilirudi mpaka mwaka ule niliomaliza kidato cha sita, mwaka tuliolala sote wawili katika chumba hiki hiki, na kati yetu amelala mtoto mchanga.

Nilikuwa nimewekwa kwa Bi Kazija kwa ajili ya skuli, maana kwetu ni Kojani, na kwenda na kurudi kila siku kwa mashua kusingewezekana. Mitihani ilikuwa imekwisha na nilikuwa nangoja majibu. Ni hali ya ajabu ile, ya kungoja jambo ambalo limekwishaandikwa mahali fulani lakini wewe hujaambiwa. Asubuhi nikifagia uwanja, mchana nikikuna nazi, jioni nikikaa barazani na Bi Kazija tunachambua mchele, na kutwa nzima nikiwa nusu nipo nusu sipo. Masika ilikuwa imeanza. Mvua ikija kutoka upande wa mashamba, unaisikia kwanza juu ya mabati ya jirani, halafu juu ya yetu, halafu sauti zote za watu zinapotea, na watu mnakaa kimya mnaangaliana kama waliomo ndani ya ngoma.

Siku moja, mvua ikiwa ndiyo kwanza imepungua, Raya akatokea mlangoni na sanduku lake, kanga imemganda mwilini, na tumbo likiwa limetangulia. Alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu huko Dar es Salaam, akisomea famasia. Ameolewa na Khatib, mwalimu wa Pujini, kijana mpole ambaye hata akikukuta njiani hujisogeza majanini ili upite wewe. Bi Kazija alimwangalia mtoto wa ndugu yake kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Mbona saa hizi? Chuo kimefungwa?"

"Hakijafungwa, mama mkubwa. Mimi ndiye niliyeahirisha."

"Umeahirisha nini?"

"Masomo. Nimekuwa naumwa sana na tumbo hili, nazimia darasani. Nimeandika barua, wamenikubalia nipumzike mwaka."

"Kwani masomo ni harusi, yakaahirishwa?" alisema Bi Kazija, lakini huku anasema alikuwa amekwishampokea sanduku na kumvua viatu vilivyoroa.

Ilikuwa aende Pujini akazalie kwa mume, lakini hospitali iko Chake, na hali yake haikuwa nzuri, kwa hivyo ikakubaliwa abaki nasi. Sanduku lile lilijaa vitabu. Vilikuwa vinene, karatasi zake nyembamba zinateleza kama ngozi ya kitunguu, na Raya alivipanga juu ya kabati palipokuwa pakikaa masinia ya sherehe. Mimi wakati huo nilikuwa na shauku ya kila kitu kinachotoka chuoni. Nikimuuliza kuhusu kumbi za mihadhara, kuhusu chakula, kuhusu wasichana aliolala nao chumba kimoja, naye hunijibu maneno machache kisha akatazama pengine. Nikadhani maisha yale yamemchosha.

Nuru alizaliwa kipupwe, asubuhi ya baridi, na chumba cha nyuma kikageuka chumba cha mzazi. Siwezi kunusa pilipili manga mpaka leo nisirudi pale. Bi Kazija alipika uji wake mzito, mweusi kidogo kwa viungo, akamsimamia Raya mpaka amalize bakuli. Alimkanda kwa maji ya moto, akamfunga tumbo kwa kanga, akafukiza chetezo chini ya kitanda mpaka moshi wa udi ukajaa kwenye chandarua na mama na mtoto wakaonekana kama watu waliomo ndani ya wingu. Nami kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kigoda karibu na dirisha. Raya alikuwa akinambia nimsomee.

"Nisomee kitabu chochote kati ya vile."

"Hata sielewi kinasema nini."

"Mimi naelewa. Wewe soma tu, Salma."

Basi nikawa nasoma majina marefu ya dawa, nikiyakosea, naye akinirekebisha bila ya kufumbua macho, mtoto ananyonya, na nje kuku wanaparura majani. Nilidhani anataka sauti ya kumlazia mtoto.

Majibu ya mitihani yakatoka nikiwa nimefaulu vizuri, na baada ya hapo jina langu likatoka kwenye chuo kile kile cha Raya, kusomea ualimu. Nilipiga mbio kutoka mjini mpaka nyumbani, na Bi Kazija akapiga vigelegele peke yake uani. Tulikuwa tumekwishaomba mkopo wa serikali mapema, na kwenye maombi nilieleza ukweli wa wakati ule nilipokuwa najaza, kwamba wazazi wetu ni wavuvi na kwamba nina dada aliyeko chuoni. Lile la dada lilikuwa na uzito, ingawa mimi sikulijua. Nyumba yenye watoto wawili chuoni ilihesabiwa kuwa imeelemewa zaidi kuliko nyumba yenye mmoja, na fungu lake likawa kubwa zaidi. Majibu yalipokuja, nilikuwa nimepewa sehemu ndogo tu ya ada, na ya chakula na malazi hakuna kabisa. Nikaenda ofisi ya mikopo mjini kuuliza.

Aliyenipokea alikuwa bwana mmoja wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, sauti ya chini. Hakuwa mkali. Ningependelea angekuwa mkali, ningepata wa kumlaumu. Alinikaribisha kiti, akasoma karatasi zangu, akaguna kidogo.

"Binti, umeandika una dada yuko chuo kikuu."

"Ndiyo, yuko mwaka wa pili."

"Yuko, au alikuwepo? Mwaka huu hakusajiliwa."

"Ameahirisha. Alikuwa mja mzito. Amejifungua."

"Mungu amkuzie. Lakini kwa mwaka huu, kwa hesabu yetu, kwenu kuna mwanafunzi mmoja tu, na huyo ni wewe. Na dada yako ameolewa, anaye mume mwenye mshahara. Kama yuko chuoni jina lake linakusaidia. Kama yuko nyumbani, halikusaidii kitu."

"Sasa nifanyeje?"

"Mimi siwezi kumwita mwanafunzi mtu aliyeko nyumbani." Akanirudishia karatasi zangu kwa mikono miwili, kwa adabu. "Akisajiliwa tena, kata rufaa. Uthibitisho wake ukifika, fungu lako litapandishwa. Asiposajiliwa, jitahidini na wazee muone mtakavyofanya."

Nilitoka nikapita sokoni bila kujua nilikuwa nimekusudia kununua nini. Watu walikuwa wananisalimia, nami nawajibu, na sauti yangu naisikia kwa mbali. Nilijua wazee wetu hawana la kufanya. Baba alikuwa amekwishauza nyavu zake nzuri ili Raya aanze. Nilijua pia kuwa sitamwomba Raya, mwenye kitoto ambacho shingo yake ndiyo kwanza imekaza, avuke bahari kwa ajili yangu. Nilipofika nyumbani nilieleza maneno ya yule bwana kama yalivyo, nikasema nitangoja mwakani, haidhuru, nikaingia jikoni kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Raya alisikia yote. Alikuwa ukumbini anamwogesha Nuru kwenye beseni, na mkono wake ukasimama ndani ya maji.

Ijumaa ile Khatib akaja kutoka Pujini pamoja na mama yake, Bi Mkasi, wameleta muhogo na kuku wawili wamefungwa miguu. Tulipika muhogo wa nazi kwa papa mkavu, tukala ukumbini, wanawake kwenye sinia letu na Khatib peke yake upande wa mlangoni. Bi Mkasi alikuwa mwanamke mrefu, aliyenyooka, aliyetumia maneno machache na kila moja akalipa nafasi yake. Alimpakata Nuru muda wote wa kula. Habari yangu ilikuwa imekwishamfikia.

Khatib akakohoa. "Mimi nafikiri," alisema, "kuna mtu namjua anaweza kutuandikia barua tu, kwamba Raya yuko chuoni anaendelea. Nani atakwenda kuchungulia?"

"Sitaki," alisema Raya.

"Ni barua tu, Raya."

"Sitaki kuandikwa nipo mahali nisipokuwepo. Wakigundua, Salma atafukuzwa, na mimi sitarudi tena maisha."

"Urudi wapi?" aliuliza Bi Mkasi, bila kuinua macho kutoka kwa mtoto. "Kwani ulikuwa urudi?"

Bi Kazija akaongeza muhogo upande wa mgeni wake. Bi Mkasi akasema kwamba nke mwenye ntoto mchanga hawezi kuvuka bahari kwenda kukaa kwenye madawati, kwamba hayo yana wakati wake, na pengine wakati wake umekwishapita, na si vibaya, mbona yeye hakusoma na ameishi. Alisema haya kwa upole, kama mtu anayemfunika mwenzake nguo. Khatib alikuwa anachora chora mkekani kwa kidole. Raya alinawa mikono, akanyanyuka, akamchukua mwanawe.

Nyumba zetu za zamani, kuta za vyumba hazifiki juu. Zinaishia mahali, na juu yake hewa ni ya wote. Siku chache baada ya ule mlo nilikuwa nimejilaza mchana, chumba hiki hiki, saa ambayo hata mbuzi wanalala, na chumba cha pili Bi Kazija alikuwa anamsuka Raya nywele. Nilikuwa katikati ya usingizi na macho. Sauti zao zilikuwa zinaingia na kutoka kama pazia linalopulizwa na upepo, na mengi waliyosema sikuyakamata. Kisha nikasikia Raya analia, kilio cha chini, cha mtu ambaye kichwa chake kimeshikwa na hawezi kukigeuza.

"Basi nitawaambia ni kwa ajili ya Salma," alisema.

"Ndivyo," alisema Bi Kazija. "Na ntoto?"

"Ndiyo ninalolilia hilo."

"N'takwenda nawe. N'takushikia mimi. Wewe utasoma, utakuja utanyonyesha, utarudi."

"Wewe, mama mkubwa? Hujapata kupanda hata boti ya Unguja!"

"Basi n'taipanda sasa. Tulia, nisikuvute."

Nilijifunika uso kwa kanga. Moyo wangu ulikuwa unapiga kwa furaha na kwa aibu, vyote pamoja, na nisingeweza kusema ni kipi kilichokuwa kikubwa. Nilitaka kusimama, niende mlangoni niseme hapana, dada, usifanye. Sikusimama. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa naitaka Dar es Salaam kama mwenye kiu anavyoitaka maji, na niliposikia wameanza kuzungumza habari ya nguo za mtoto, nikajua jambo limekwisha.

Kilichobaki kilikuwa Pujini. Bi Kazija aliniamuru nifuatane naye. Tulishuka garini njia panda, tukaenda kwa miguu katikati ya mashamba, na karafuu zilikuwa zimeanikwa kila uwanja, harufu ikiwa nzito mpaka ikageuka ladha mdomoni. Bi Mkasi tulimkuta amekaa mkekani anachambua karafuu kutoka kwenye vikonyo vyake. Tukakaa naye tukachambua, bila kuombwa, na kwa muda mrefu wanawake wale wawili walizungumza habari ya mvua na bei na nani kazaa. Kisha Bi Kazija akasema, kwa sauti ile ile ya mvua na bei:

"Raya atarudi chuoni mwezi ujao, Bi Mkasi. N'mekuja kukuomba radhi yako."

Vidole vya Bi Mkasi havikusimama. "Anaitaka sana hiyo shahada?"

"Ni kwa ajili ya huyu ndugu yake. Raya asipoandikwa kule, huyu hapati kitu, anakaa. Wanategemeana. Na n'takwenda nao mimi mwenyewe, mjukuu wako atakuwa mikononi mwangu."

Bi Mkasi akaniangalia, kwa muda, mimi niliyekuwa nimeinamia karafuu, uso unaniwaka. "Angekuwa anajitakia mwenyewe, ningemwambia akae alee," alisema mwishowe. "Lakini ntu hawezi kukatazwa kumsaidia nduguye. Mimi sitaki kuja kusikia kwamba n'lisimama baina ya ndugu na ndugu." Akasukuma vikonyo pembeni. "Mleteni ntoto nimwone kabla hamjaondoka. Na huyo Khatib mwambieni atatuma ya maziwa kila mwezi, nisisikie habari nyingine."

Tuliondoka siku ya jua kali. Bi Kazija alipanda boti ameshika tasbihi kwa mkono mmoja na mimi kwa mkono wa pili, akafumba macho kutoka Mkoani mpaka Unguja, na kutoka Unguja mpaka Dar es Salaam, na akatapika kwa heshima kubwa, akiomba radhi kwa kila aliyekuwa karibu. Tulipangisha chumba karibu na chuo, kimoja kwa sote wanne. Raya alisajiliwa kuanza mwaka wa pili upya. Nikakata rufaa, uthibitisho wake nikauambatisha, na miezi ile ya kungoja tuliishi kwa uji, dagaa, na pesa za maziwa za Khatib. Saa za mapumziko Raya hurudi mbio kunyonyesha, kifua kimemroa, huku anakariri somo. Bi Kazija alikaa mlangoni na Nuru mapajani, akiwaangalia Wabara wakipita, na kila mwanafunzi aliyemwamkia alimuuliza kwao wapi na wazee hawajambo. Rufaa ilikubaliwa. Siku bumu la kwanza, yaani pesa za mkopo, lilipotoka tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, na Bi Kazija akasema wali wa huko hauna harufu.

Tulimaliza, yeye kwanza kisha mimi. Lakini miaka yote ile nilisoma kwa woga. Kila mtihani niliufanya kama niliyepewa pumzi za mtu mwingine nizitumie, nisizimwage. Nilipofaulu, nilimpa yeye cheti akishike kwanza. Raya akikasirika, namnyamazia. Akitaka jambo, nalifanya kabla hajalimaliza kulitaja. Hatukupata kulizungumza hata mara moja, na lilikaa baina yetu miaka mingi, kama samani kubwa ambayo watu wa nyumba hujifunza kuizunguka.

Ndipo jana, baada ya hitima, katika mwanga ule wa kijani, nikalisema. Nadhani ni kwa sababu mwenye nyumba hayupo tena, na yeye, aliyelijua pamoja nasi, ameondoka nalo.

"Dada Raya. Umelala?"

"Nakusikia."

"Sijapata kukwambia ahsante. Kwa mwaka ule. Ulimtoa mtoto mchanga nyumbani, ukavuka naye bahari, kwa ajili yangu tu."

Kisha kitanda kikaanza kutikisika, na nikageuka nikidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani akajipangusa macho kwa ncha ya kanga.

"Kumbe na wewe ulisadiki!"

"Nilisadiki nini?"

"Salma, mimi nilikuwa nataka kurudi tangu siku ile niliyoingia mlango huu nimeroa. Nilikuwa nikiviona vile vitabu juu ya kabati roho inaniuma. Lakini ningesema nini? Mama mkwe wangu angenisikiliza? Khatib angethubutu? Mwanamke ana kichanga kifuani, aseme nataka kusoma, wangeniona sina haya. Hata mimi mwenyewe nilijiona sina haya." Akavaa miwani yake. "Uliporudi kutoka ofisini siku ile, ukasema jina langu likiwepo chuoni linakusaidia, nilishukuru Mungu palepale kwenye beseni. Nikamwambia mama mkubwa ukweli, wakati ananisuka. Akanambia, sema ni kwa ajili ya mdogo wako, hilo hakuna atakayelikataa."

"Bi Kazija alijua?"

"Yeye ndiye aliyenifundisha la kusema. Mimi nililia kwa ajili ya mtoto, na kwa kuwa niliona nakutumia."

Adhana ya alasiri ikaanza. Raya akajinyanyua polepole kwa magoti yake mabovu, akaenda uani kutia udhu, nami nikamsikia anajimwagia maji na kuguna kwa ubaridi wake. Nilibaki nimelala. Kwa mara ya kwanza nikamwona kama alivyokuwa mwaka ule, binti mdogo tu, mwenye kiu kama yangu, anatafuta mlango. Miaka yote nilidhani ni yeye aliyenibeba. Kumbe na mimi nilimbeba, tena nikiwa sijui kama nina mtu mgongoni.